Nimetoka Hija, Dada Yangu Bado Ananiita Kikohozi

Bi Mshauri mpendwa,

Salamu kwanza, msaada wako pili, maana hapa nilipo nimebanwa kwenye kona na watu wa nyumba yangu mwenyewe. Mimi ni fundi wa makochi, kazi yangu ni kuyatia sponji na kuyavalisha vitambaa, karakana yangu iko ubavuni mwa nyumba tuliyoachiwa na marehemu wazazi wetu, na humo ndani naishi mimi, mke wangu, binti yetu, na dada yangu mkubwa ambaye hakujaaliwa kuolewa na ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, hilo silikatai wala sijawahi kulikataa. Mwaka huu Mwenyezi Mungu kanijaalia nimekwenda Hija, nikarudi salama, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Unajua, Bi Mshauri, mtu akitoka Hija si yule aliyekwenda. Nimevaa vitambaa viwili visivyo na mshono hata mmoja, mimi ambaye maisha yangu yote ni sindano na uzi, nimesimama Arafa juani nikalia mpaka kwikwi ikanishika, mzee mmoja nisiyejua hata lugha yake akanifuta machozi kwa ncha ya shuka lake, nimerusha vijiwe kwa hasira mpaka kimoja kikampata haji mwenzangu kisogoni, nikamwomba radhi palepale, akacheka, tukakumbatiana. Sasa mtu wa namna hiyo anarudi kwao, anashusha mabegi yake na maji yake ya Zamzam, na dada yake anatokea mlangoni mbele ya majirani wote anapiga kelele, "Kikohozi wangu karudi!"

Kikohozi ni jina la utotoni, nilikuwa mtoto wa kifua. Nikasema haya, furaha imemzidi. Kesho yake nikawakusanya wote sebuleni, nikawagawia Zamzam, kila mtu kifuniko chake cha chupa ili ienee, nyingine nimeifungia kabatini kwa ajili ya wageni, nikawaeleza kwa upole kabisa kwamba kuanzia leo mimi ni Alhaji, sitaki fundi, sitaki baba nanii, na Kikohozi ndiyo nisilisikie kabisa. Binti akaitikia. Mke wangu akauliza, "Kwani ulienda Hija au ulienda kubadili jina?" Dada akanywa kifuniko chake, akasema alhamdulillahi, kisha akauliza, "Na dirisha langu?"

Hapa inabidi nikueleze habari ya dirisha, ingawa si jambo la msingi. Mwaka juzi sponji zangu zilinyeshewa na mvua, nikajenga stoo nyuma ya karakana, na ukuta wa stoo ukaja ukasimama mbele ya dirisha la chumba cha dada, dirisha lenyewe ni hilo moja tu, na yeye kazi yake ni kupinda nguo za watu na kutia vifungo, basi akawa analalamika kwamba haoni tundu la sindano. Lakini sikumwacha gizani, Bi Mshauri, nilimwekea balbu, tena kubwa, nyeupe pe. Akasema balbu si jua. Sasa jua mimi nitalitoa wapi?

Na msamaha nilimwomba, usije ukadhani sikumwomba. Kabla ya safari tulifundishwa kwamba haji asafishe mambo yake na watu, aliyemdhulumu akamtake radhi. Nikaandika ujumbe mmoja wa heshima, wenye dua na picha ya maua, nikautuma kwa mpigo kwa kila mtu aliyemo kwenye simu yangu, mpaka fundi bomba, mpaka muuza vitambaa, mpaka mtu niliyemwandika "Usipokee". Dada ana simu ya kitochi isiyopokea mambo hayo, ikabidi binti amsomee jikoni. Akajibu, "Mwambie nimesikia." Mimi nikajua nimesamehewa, nikafunga begi.

Basi nilipoona hawashiki adabu nikaweka msimamo, asiyeniita Alhaji simwitikii. Mke wangu akaniita chakula kwa jina la zamani, nikanyamaza, chakula kikapoa, nikakila hivyohivyo, nayo ni subira. Mteja mmoja alisimama mlangoni akaita "fundi, fundi" mpaka akachoka, akaenda zake kwa fundi wa mtaa wa pili. Sikujali. Nikamwita mchoraji akaniandikia kibao kipya, ALHAJI MAKOCHI, na picha yangu nimevaa ihramu nimekaa juu ya kochi la watu watatu.

Sasa Jumamosi niko karakanani na mwalimu mkuu wa shule, mtu mzito, namwonyesha vitambaa, nasikia kutoka ndani, "Kikohozi!" Mwalimu mkuu akaniangalia. Nikaendelea na vitambaa. "Kikohozi, njoo!" Nikaongeza sauti. Mara ya tatu aliita kwa sauti ndogo zaidi, nikadhani amekubali yaishe. Kumbe ile balbu ilikuwa imeungua tangu Alhamisi, nami nilikuwa katika mpango wa kununua nyingine, yeye alikuwa ameshajikwaa kwenye kigoda chake mwenyewe, akaanguka, mkono wa kulia ukateguka. Mke wangu ndiye aliyetoka sokoni akamkuta sakafuni. Mkono umevimba, sindano haushiki, lakini daktari kasema haukuvunjika, kwa hiyo si jambo la kukuzwa.

Wamelikuza. Mke wangu haongei nami ila kwa kupitia kwa binti. Dada hakunigombeza hata kidogo, na hilo ndilo linalonikosesha raha, amepanga nguo zake kwenye mabegi mawili, anasema Ijumaa anahamia kwa shoga yake, eti huko kuna chumba chenye madirisha mawili. Hebu fikiria, mimi nimetoka Hija juzijuzi tu, na dada yangu anatoka nyumba ya baba yetu mchana kweupe, na mabegi yake, akipita chini ya kibao changu! Watu watasemaje?

Naomba uandike gazetini kwa maneno makali, uwaeleze hawa wanawake heshima ya mtu aliyehiji, nitaikata sehemu hiyo niibandike sebuleni. Na dada umwambie abaki. Kusema kweli, Bi Mshauri, nyumba bila yeye siwezi kuifikiria, tangu nizaliwe sijalala nyumba asiyokuwamo, isipokuwa huko Hija tu.

Wako,
Alhaji asiyetambuliwa kwao

*

Ndugu yangu fundi,

Umeomba maneno makali, haya hapa. Ila usikate kipande; bandika yote.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu ofisini mpaka wenzangu wakageuka kuniangalia. Mara ya pili nilipofika pale ulipoandika kwamba aliita "kwa sauti ndogo zaidi", niliiweka chini nikaenda kunywa maji. Mwanamke yuko sakafuni, gizani, mkono umeteguka, anamwita mtoto aliyemlea, na mtoto mwenyewe yuko upande wa pili wa ukuta anapandisha sauti kusifia vitambaa! Hukumsikia? Ulimsikia. Hilo ndilo linaloniuma, na mwalimu mkuu wako hahusiki nalo.

Mimi si shehe, na Hija bado sijajaaliwa. Kama ibada yako imekubaliwa au haikukubaliwa, hiyo ni siri yako na Mola wako, sithubutu kuigusa. Machozi yako ya Arafa nayaamini kabisa, na yule mzee aliyekufuta nampenda bila kumjua. Lakini hebu nikuulize: yeye alikuita nani? Hakujua jina lako wala hakuliuliza. Mlisimama pale tajiri na maskini, nguo moja, jasho moja, hakuna kibao wala cheo, na wewe hukuona kama umepungukiwa na kitu. Umefika kwenu tu, ukavua ihramu, ukavaa jina.

Na mlikuwa mkisema nini njia nzima? Labeka. Nimeitika, Mola wangu, nimekuja. Neno hilohilo ndilo tulilofundishwa tangu wadogo kumwitikia mkubwa akituita, na wewe nina hakika aliyekufundisha ni huyohuyo dada. Umesafiri nchi na nchi kumwitikia Mungu, umerudi umeshindwa kuitika chumba cha pili. Fundi wangu, wito ule haukuishia kule. Unamfuata mtu mpaka nyumbani kwake, na mara nyingi unakuja kwa sauti anayoijua na kwa jina asilolipenda.

Unasema Kikohozi ni jina la kukushushia hadhi. Mimi nilipolisoma niliona mtoto mdogo wa kifua, hana mama, na msichana ambaye ujana wake ulikwenda kwenye kusikiliza kile kikohozi kama kimetulia au kimezidi. Eti "hakujaaliwa kuolewa"! Umewahi kujiuliza nani angemlea huyo Alhaji wa baadaye kama angeolewa? Ulipokwenda mbio kati ya Safa na Marwa ulikuwa unafuata nyayo za mama aliyehangaika jangwani kumtafutia mwanawe maji. Wanaume wazima na ndevu zao wanakimbia pale alipokimbia mwanamke mmoja, na hakuna anayeona haya. Wa kwako wewe aliyekuhangaikia umemzibia dirisha, kisha unasema si jambo la msingi!

Tena huo msamaha wako wa kutuma kwa mpigo, ama kweli ya kuona ni mengi. Fundi bomba ulimkosea nini? Hata "Usipokee" kaombwa radhi, naye sijui alishangaa kiasi gani. Aliyedhulumiwa ni mtu mmoja, mlango wake unaujua, na ndiye peke yake aliyesomewa radhi zake na mtoto, jikoni, kati ya sufuria na sahani. Waliosoma dini wanatuambia haki ya mja humalizwa na mja mwenyewe, huwezi kumruka ukaenda kuimalizia Makka. Yeye alisema "nimesikia". Kusikia si kusamehe. Na kule kukuuliza "na dirisha langu?" alikuwa anakusaidia, kaka, anakuonyesha pa kuanzia, na wewe ukaona hajui adabu.

Kuhusu mkeo sina la kumwambia. Swali lake ni zuri kuliko majibu yangu yote, na siku nikienda likizo nitamwomba anishikie safu hii.

Sasa sikiliza vizuri, maana gazeti hili linatoka Jumatano na Ijumaa haiko mbali. Ukishalisoma, toa sponji zote stooni uziingize sebuleni, wageni wa Alhaji wakija wakae juu yake. Kisha chukua nyundo na tindo, uvunje ukuta ule mwenyewe. Usiite mwashi, usiite majirani waje kuona, na simu iache ndani, asije "Usipokee" akaletewa picha. Kifusi kizoe wewe, na hilo dirisha lifute vumbi mpaka vioo vionekane. Neno Alhaji pale kwenye kibao lifutwe. Watakaotaka kukuita hivyo watakuita kwa mapenzi yao, na hapo ndipo litakuwa na utamu.

Ukimaliza, oga, nenda ukabishe hodi kwa dada yako, na usiingie mpaka akukaribishe. Kaa chini. Mwambie kwa mdomo wako: "Dada, nilikuzibia mwanga, na siku ile uliponiita nilikusikia nikanyamaza. Nisamehe." Basi. Usiongeze "lakini", usitaje balbu. Halafu yale maneno uliyonichomekea mwishoni mwa barua, kwamba nyumba bila yeye huwezi kuifikiria, yatoe huku gazetini uyapeleke kwake. Umeniambia mimi nisiyekujua, na yeye amekaa miaka yote hiyo hajaambiwa.

Huenda akabaki. Huenda pia asibaki, kwani mtu akishafunga mabegi moyo wake umeshatangulia, na hilo utalistahili wala usinililie. Kama ataondoka, usimzuie na usimwambie habari ya watu watasemaje. Mbebee mabegi yote mawili wewe mwenyewe, mchana huohuo kweupe, mpaka kwa shoga yake. Tena zile nguo za watu zilizomlalia kwa sababu ya mkono, uwe unakwenda kila siku kuzipinda na kuzitia vifungo, umekaa chini karibu naye, yeye akikuelekeza na kukukosoa mbele ya yeyote, mpaka mkono upone. Atakayepita akakukuta hapo hatahitaji kuambiwa ulikwenda wapi.

Bi Mshauri