Mipira Niliyomuchagulia Gloire

Kashikishi, Nchelenge
Tarehe 14 mwezi wa kumi, 2024

Mpendwa yaya Angèle, dada yangu mukubwa,

Nakusalimia kwa jina la Bwana wetu, wewe na nyumba yako yote pale Kolwezi. Habari ya mugongo? Ile dawa ya kupakaa ilikusaidia, ao bado unalala upande mumoja? Na Lévi wako, alipita mitihani yake? Huku joto la mwezi wa kumi limekamata kila mutu, upepo wa ziwa haufiki hata barabarani. Mama iko, anakula vizuri, lakini mukono wake wa kuume umefungwa plâtre ngumu ya hospitali. Usishituke, nitakueleza. Ni juu ya ule mukono ninakuandikia, na ninaandika kwa karatasi kwa sababu nikiongea na simu Mama anasikia kila kitu. Apollinaire, yule anayepeleka samaki mpakani Kasumbalesa, ndiye atakufikishia.

Nafikiri ulisikia kama Gloire, mudogo wetu, alinunua motoka. Si pickup ya samaki. Ni motoka ndogo ya kukimbia, nyekundu, ya mwaka 1996, viti viwili tu, na paa la kitambaa linalokunjwa nyuma. Muzungu mumoja aliyefanya kazi ya musaada kule kambi ya wakimbizi ya Mantapala alimuuzia wakati kontrati yake ilikwisha. Ikipita mbele ya soko, watu wanaacha kupima samaki.

Kwako nitasema kweli, yaya. Siku niliyoiona, nilimuonea wivu. Tangu bwana yangu Didier alipokufa, niko miaka kumi na mbili kando ya barabara hii, ninaziba mipira ya motoka za watu wengine na kuijaza upepo. Sijakaa kwenye usukani hata siku moja, isipokuwa kusogeza motoka ya mutu ili nipate kivuli. Unakumbuka wakati Baba alisema pesa ya masomo inatosha mutoto mumoja. Miye niliacha, Gloire akasoma, akapata diplôme, akaanza kununua samaki kisiwani Chisenga, akafaulu. Nilifurahi, kweli nilifurahi. Lakini Mama akaanza kumuonyesha kila mugeni picha ya ile motoka kwenye telefone, na miye nimekaa pale pale na mikono yangu ya grisi. Mama hajawahi kumuonyesha mutu garage yangu.

Bon. Mwezi wa munane Gloire akaja kwangu. Mipira ya motoka ilikuwa imelika mpaka nyuzi zinaonekana, akasema hatanunua mingine bila miye kuchagua. Kipimo chake ni kigumu kupata huku. Nikamwita Jairos, anayeuza mipira Mansa, akaleta seti tatu na pickup yake, tukaipanga chini.

Ya kwanza ilikuwa ya taksi, mirefu. Ile nilimweleza Gloire vizuri: inaingia kwenye rimu, kile chuma cha gurudumu, ndiyo, lakini itagusa bodi ukikata kona, na saa ya kupima mwendo itakudanganya. Ya pili ilikuwa mipya, kipimo chenyewe kabisa, ya jina ambalo hakuna mutu analijua, myeusi tu. Ya tatu ilitoka Japani, imetumika kidogo, jina kubwa kwa herufi nyeupe, meno marefu ya kukamata barabara, inang'aa. Macho ya Gloire yalienda pale pale.

Mupira unaandikwa siku ya kuzaliwa kwake, yaya. Kando kuna tarakimu ine, mbili za wiki na mbili za mwaka. Kwa ile ya Japani nilisoma 1109: wiki ya kumi na moja, mwaka 2009. Miaka kumi na tano. Hata meno yakiwa marefu, mupira wenyewe umekauka ndani, na lami ikipata joto unapasuka. Jairos naye hakuficha. Wakati Gloire alikuwa anaongea na simu, alinivuta kando, akaniomba nimuonye mudogo wangu kama ile ni ya zamani, ni ya kuzunguka sokoni, si ya safari. Nikamwambia nitamwambia.

Gloire akarudi, miwani ya jua usoni, ufunguo unazunguka kwenye kidole. Akaweka mukono juu ya zile herufi nyeupe.

— Yaya, ni weye unajua. Hii iko muzuri?

— Meno iko, nikamujibu. Na motoka ni yako.

Nilifunga mipira ile mwenyewe. Yote ine niligeuza upande wenye tarakimu uangalie ndani. Hakuna mutu aliyeniagiza. Mikono yangu ilifanya, na nilikuwa naiona ikifanya.

Utaniuliza nilitaka nini. Nilitaka ile motoka imuaibishe. Nilitaka ibaki njiani imeinama, watu wamuzunguke, halafu anipigie simu. Sikuwaza mbele ya pale, ao nilikataa kuwaza.

Wiki tatu hakuna kitu kilichotokea. Kisha, Alhamisi moja ya mwezi wa tisa, jirani yangu Deborah akaniambia kama Mama amependeza leo, amevaa kitenge kipya, amekaa kando ya Gloire wanaenda Mansa kwa daktari wa macho. Yaya, niliacha chombo kikaanguka. Nilipiga simu mara sita. Gloire akiendesha hashiki simu.

Karibu kufika Mwense, mupira wa nyuma wa kushoto ulichanika wote. Motoka ilizunguka, ikatoka barabarani, ikasimama kwenye majani, ikiangalia kule walikotoka. Gloire hakuumia. Mama alivunjika mukono, na kitenge kile hospitalini walikikata na makasi.

Siku ya pili yake Gloire alinifikia na minibus, akautupa mupira mbele yangu. Akanishukuru, wazia: akasema pale hospitalini Mama anarudia tu kama ni kazi yangu nzuri iliwaokoa, maana gurudumu lenyewe halikutoka. Kisha akasema anaenda polisi kumushitaki Jairos, aliyemuuzia kifo. Akageuka kuondoka.

— Usiende, nikamwambia. Jairos alinionya. Ni miye sikukuambia.

Nikageuza mupira, nikamuonyesha tarakimu na mwaka wake. Akapangusa vumbi na kidole, akasoma tarakimu moja moja.

— Ulijua tangu ile siku?

— Nilijua.

— Na Mama?

— Sikujua kama Mama atapanda.

Kisha akaniuliza, sauti chini kabisa:

— Na miye, yaya?

Niliinama, nikaanza kukusanya vyombo vyangu.

Hakunitukana, hakulia. Alienda zake, na siku nyingi hakupita barabara yangu; alizunguka nyuma ya kanisa. Jairos nilimwambia kweli yote mwenyewe. Alinigombeza mbele ya watu, nikasimama nikasikiliza mpaka akachoka.

Jumatano tarehe mbili ya mwezi huu Gloire akaja, anaendesha polepole juu ya mupira mwembamba wa akiba. Akasema nichague tena, kwa sababu hakuna mwingine anayejua. Nilienda Mansa mwenyewe, nikachukua ile myeusi, mipya, isiyo na jina. Mara hii tarakimu zote niliziweka nje: 0624. Nilipomaliza, alitoa miwani, akainama kwenye gurudumu la kwanza, akasoma. Akaenda la pili, akasoma. Yote ine, yaya, na miye nimesimama pale na kitambaa mukononi. Zamani angepanda tu na kuondoka.

Mama hajui. Gloire hajamwambia mutu hata mumoja, na hiyo inaniuma kuliko kama angenitangaza.

Nilifikiri aibu itamaliza wivu. Haikumaliza. Jana motoka ilipita, paa limekunjwa, watoto wanakimbia nyuma, na wivu ulikuwa pale pale kama siku ya kwanza. Niliinama kwenye kazi yangu mpaka mulio ukapotea. Usinitumie maneno ya kunifariji. Nilitaka tu mutu mumoja wa damu yetu ajue, na wewe ndiye ulinilea kabla ya miye kumulea Gloire.

Unisalimie shemeji Roger, Lévi na mukewe, na mutoto wao ambaye sijamuona. Tantine Aurélie umwambie kitenge alichotuma kilifika. Mungu alinde mulango wako na akuponyeshe mugongo.

Neno moja tena. Mwezi ujao Gloire atafika Kolwezi na samaki, atalala kwako. Usimwambie kama nimekuandikia. Mupe chakula, mwache aongee, na uangalie kama anataja jina langu. Hiyo tu uniandikie.

Mudogo wako asiyechoka kukupenda,
Kapinga