Mashine ya Mwisho ya Baba

12 Februari

Mwanangu,

Hujambo huko? Kikohozi kimekuachia? Mimi mzima, ila macho. Daktari anasema yaliyokwenda yamekwenda. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunaishia kugombana, na ile sauti ya kompyuta inayonisomea barua zako haijui kununa.

Chumba cha kompyuta cha shule nakiendesha kwa vidole tu. Nikianza amri ya Debian, ile Linux yangu inayoendesha mashine zote hapa, vidole vinamalizia vyenyewe. Lakini nikizimika kabisa, nani ataziangalia mashine hizi? Rudi, mama. Mkuu wa shule ameshakubali chumba ukishike wewe.

Baba yako

3 Machi

Shikamoo Baba,

Kikohozi kimekwisha. Dawa ya macho unatia? Usinidanganye, nitamuuliza shangazi.

Sasa Baba, nirudi nifanye nini na hiyo Debian yako? Ofisini kwetu wote tunatumia Fedora. Hiyo ndiyo Linux rasmi, ya watu wa kazi. Huko kwako nitakuwa fundi cherehani aliyepewa nyundo. Badilisha mashine zote kwanza, ndipo tuongee. Natania, nusu.

Binti yako

20 Machi

Marahaba mwanangu,

Nafurahi umepona. Linux rasmi? Nani aliipa cheo, na mbona sherehe sikualikwa? Aina za Linux ziko chungu nzima, na kila moja ina watu wake wanaoapa kwamba ndiyo yenyewe. Kuna fundi wa benki hapa mjini, yeye anaapa kwa Ubuntu. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Hata hivyo nimeanza. Safu ya dirishani yote sasa ni Fedora. Shangazi yako ananisomea kioo, mimi nabonyeza. Neno “endelea” analisoma kama hakimu anayetoa hukumu.

Baba yako

16 Aprili

Shikamoo Baba,

Natumaini hujambo. Acha basi, nilikuwa natania! Nimehamishiwa kitengo kingine, na huko, usicheke, wanatumia Debian. Nilipouliza ipi ndiyo rasmi walinitazama kama mtoto aliyeuliza lugha gani ndiyo lugha. Umeshinda.

Ila mwaka huu kazi zimenizidi. Labda mwakani.

Binti yako

2 Mei

Mwanangu,

Sisi wazima. Shangazi anakusalimu.

Nilijua unatania nusu. Nusu ya pili ndiyo iliyoniuma. Kwenye simu ulianza na nauli, ukaja na mkataba, kisha Linux, sasa kazi. Mimi kila kisingizio ninachokiweza nakiondoa njiani, ili ukikataa, ukatae wewe mwenyewe, usizisingizie mashine.

Imebaki moja, hii yangu inayonisomea. Kesho naibadilisha. Shangazi anauliza kama sauti itakuwepo kule. Sijawahi kuiwasha kwenye Fedora, lakini nimemwambia fundi hakosi njia.

Baba yako

3 Mei

Baba,

Usiiguse mashine yako. Tafadhali. Nijibu ukisikia hii.

Binti yako

10 Mei

Baba, hujambo? Andika hata neno moja.

Binti yako

21 Mei

Shikamoo Baba,

Barua hii shangazi anakusomea kwa sauti. Shangazi, soma polepole, na usiruke kitu.

Shangazi ameniambia kwa simu. Kwamba uliibadilisha mashine, na sauti haikutoka tena. Kwamba asubuhi unakaa mbele ya mashine, unaandika amri zako za zamani, yeye anakusomea jibu kwamba amri hiyo haijulikani, nawe unaandika tena. Kwamba hutaki mtu aguse. Kwamba ulisema hata mashine yako haikujui tena. Nililia ofisini, mbele za watu.

Ulisema kweli, haikuwa nauli wala Linux. Ninaogopa, Baba. Mara ya mwisho uliponiona ulicheka nywele zangu. Naogopa kusimama mlangoni ukauliza, “Nani huyo?” Kila mwezi niliosema “mwakani”, nilijua macho yako hayangojei, na bado nilisema.

Nimeomba ruhusa, nimepewa. Jumamosi nitakuwa hapo. Mashine naweza kuirudisha ilivyokuwa kwa asubuhi moja tu, na sauti yake, na vidole vyako vitaijua. Lakini nilikuwa na nafasi ya kuja ukiwa unaona, na hiyo siwezi kuirudisha.

Nikifika nitataja jina langu kabla hujauliza.

Binti yako