Blanketi la Mama, Wiki Tisa Juu ya Kabati

Jumapili, Ruiri. Saa tisa alasiri. Upepo wa Julai unapiga mabati tangu asubuhi na vumbi limeingia hadi kwenye chumvi. Mwenda wangu amelala kwenye kochi, mdomo wazi, soksi moja mguuni na nyingine sijui iko wapi. Hata akiwa hivyo, nikimtazama moyo unaruka. Tumeoana wiki tisa sasa, na bado akiniita "bibi yangu" nageuka kuona ni nani anayeitwa.

Ninyi mnaonisoma mnajua hayo yote. Nimewaandikia kuhusu gauni, keki, viatu vilivyonibana, na jinsi Mwenda alivyolia madhabahuni kunishinda mimi. Nimeandika hata rangi ya mapazia yetu.

Sijawahi kuandika kwamba mama yangu amekufa.

Alikufa Februari, kwetu Kianjokoma. Ni figo. Aliugua karibu mwaka mzima. Mwaka huo mimi nilikuwa Meru mjini, nauza kwenye duka la dawa za mifugo, na hapo ndipo Mwenda alipoingia siku moja kununua dawa ya kupe. Kesho yake akarudi kununua nyingine. Na kesho kutwa. Mbuzi wao wakabaki bila kupe hata mmoja, na yeye bado anakuja.

Acha niseme ukweli. Huo ndio mwaka niliofurahi kuliko yote maishani mwangu. Mama alikuwa anavimba miguu, na mimi nilikuwa naenda kazini nikiimba. Nilifika nyumbani Jumamosi moja kwa mwezi, nikaketi kando ya kitanda chake, na simu ikilia nilitoka nje nikaenda kucheka katikati ya majani chai.

Aliyemwogesha ni Tata. Tata ni mdogo wake mama, wa kumfuata kabisa. Alimhamishia nyumbani kwake, akamlisha, akamgeuza, akampeleka hospitali Embu mara mbili kila wiki. Hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenilaumu.

Sasa, habari ya blanketi.

Kwetu mahari hayaendi bila blanketi la mama. Mambo ya mbuzi na asali wazee wanaweza kuvutana, lakini mama wa msichana lazima afunikwe mabega na wale wanaomchukua mtoto wake. Mwenda alilichagua mwenyewe, zito, rangi ya damu ya mzee. Alinitumia picha yake akiwa dukani, amejifunika kichwa kama bibi kizee. Niliitazama picha hiyo siku nzima.

Orodha ya vitu vya mahari iliandikwa kwenye daftari Desemba, siku watu wa Mwenda walipokuja mara ya kwanza. Mama aliketishwa na mito, akawasalimia mmoja mmoja. Walipoleta vitu Aprili, baba mdogo wa Mwenda alisimama na daftari lile lile. Hakuna aliyekuwa amekumbuka kulirekebisha. Akasoma kwa sauti ya kanisani:

"Blanketi la mama. Mama wa msichana asimame, aje afunikwe."

Kuku tu ndio waliosikika. Mzee wa watu aligeuza ukurasa, akaurudisha, halafu akaelewa alichosema. Jasho likamtoka.

Hapo Tata akasimama. Akanyoosha mikono yote miwili.

Na mimi, mbele ya wakwe zangu wote, nikasema, "Tata, keti. Hilo si lako."

Akaketi.

Mwenda alilichukua blanketi akalirudisha kwenye gari bila kuniuliza kitu. Watu wakala, wakaimba. Siku ya harusi Tata alikuja, akaketi nyuma kabisa, akaondoka kabla ya keki. Hatukuongea tena. Mimi nilijiambia kwamba nimemtetea mama.

Blanketi likanifuata hadi Ruiri. Likapanda juu ya kabati likiwa ndani ya nailoni yake, na likakaa huko, huku mimi na mume wangu tukilala chini ya blanketi jembamba nililotoka nalo bweni la shule. Baridi ya hapa si mchezo. Tulisema ni mapenzi yanayotufanya tukumbatiane hivyo. Ni kweli, lakini pia tulikuwa tunaganda.

Alhamisi Mwenda akashikwa na homa. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye boma moja, aliingia na uji wa moto, akatazama kitanda, akatazama kabati.

"Wawira, mwanangu anakohoa kama beberu, na hapo juu kuna blanketi limevaa nailoni. Mnamwekea nani? Gavana?"

Mwenda ndiye aliyejibu, sauti imekauka.

"Ni la mama yake Wawira, Mama. Hajalichukua bado."

Mama mkwe aliweka uji chini, akatoka, akarudi na blanketi la kitanda chake mwenyewe, akamrushia Mwenda usoni. "Haya, kohoa ukiwa na joto."

Nilimpenda mume wangu saa hiyo, na makamasi yake yote, kuliko siku ya harusi. Wiki zote hizo aliliacha pale kwa sababu yangu, hakulalamika, na alikuwa ametafuta maneno ambayo hayangeniumiza.

Lakini maneno yenyewe hayakunitoka kichwani. Hajalichukua bado. Mama hatakuja kulichukua. Nililijua hilo tangu Februari, na bado kila jioni nilipofungua kabati nilitazama juu kwanza, kama mtu anayehakikisha mgeni hajapita.

Basi jana tukaenda. Mwenda alikuwa amepata nafuu, akaazima pikapu ya kaka yake. Njiani nilitunga hotuba nzima ya kuomba msamaha. Kianjokoma kulikuwa na ukungu na manyunyu, na Tata tulimkuta shambani, kikapu mgongoni, eproni ya plastiki kiunoni, anachuma. Alituona. Mikono haikusimama.

"Mwenda, mwanangu, wewe ndiye umemleta huyu, ama yeye ndiye amekuleta?"

"Amenileta, Mama."

"Haya. Gari la majani linafika saa nane na mimi sijajaza. Maneno yatangoja."

Akanitupia kikapu. Cha mama, nilikitambua kwa ule mkanda wa bluu. Tukachuma. Nilikuwa nimesahau jinsi vidole vinavyofanya kazi vyenyewe, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi. Mwenda, ambaye kwao Ruiri hajawahi kushika mti wa chai, alijitolea kwa moyo wote. Tata alichungulia kikapu chake.

"Hii ni nini? Umenichumia lishe ya ng'ombe?"

"Nilidhani makubwa ndiyo mazuri, Mama."

"Hayo ni mambo ya mbuzi." Akayamwaga yote chini. "Wawira, ulimpendea nini mtu huyu?"

Nilicheka kabla sijakumbuka kwamba hatuongei.

Baada ya majani kupimwa tuliingia jikoni kwake. Akatuwekea nduma na chai. Nililitoa blanketi kwenye mfuko, na ile hotuba yote ikapotea. Nikasema tu, "Tata, nilikukosea. Nilikuaibisha mbele ya watu."

Alipuliza chai yake kwanza.

"Ulijua kwa nini nilisimama?"

Nikasema nilidhani alitaka kukaa mahali pa mama.

"Mahali pa dada yangu mimi nitapatoa wapi?" Hakuwa na hasira, alisema kama anayeuliza bei ya mkaa. "Nilikuona uso, wewe. Ulikuwa unaanguka. Na watu wote hao wa Ruiri wanakutazama. Nikasema, wacha wanitazame mimi."

Ndipo nikasema lile ambalo sikuwa nimelitunga, kwamba wakati yeye anamwogesha mama, mimi nilikuwa nje nacheka kwenye simu.

"Tulikuwa tunakusikia," akasema Tata. "Mama yako alikuwa ananiambia nizime redio, asikie vizuri."

Mwenda aliinamia nduma yake. Mimi nilitazama moto.

Tata akachukua blanketi. Alichana nailoni kwa meno, akalikunjua, akalinusa. "Ni zito. Lakini rangi hii dada yangu angewasumbua, angesema imekaa kama sare ya shule." Akajitupia mabegani, akashika ndoo. "Ng'ombe hajui kuna wageni."

Akatoka kwenda kukamua. Nilibaki mlangoni. Manyunyu yalikuwa yanashuka, na yeye anateremka kwenda zizini, blanketi limemfunika hadi magotini, bega la kushoto liko chini kidogo kwa sababu ya miaka yote ya kubeba kikapu. Mama alitembea hivyo hivyo kabisa. Ukiwatazama kutoka nyuma huwezi kuwatofautisha.

Nikalia. Februari sikulia, nilikuwa napanga viti na kuhesabu sahani. Mwenda alinishika na mikono yake michafu ya utomvu wa chai, na alama zake ziko kwenye blauzi yangu nyeupe hadi sasa. Sijui kama zitatoka.

Tata aliporudi na maziwa alinitazama mara moja, akasema, "Haya, sasa umefika msibani," akaendelea kuchuja.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Sina somo la kuwapa. Bado naamka nikitaka kumpigia mama simu nimwambie Mwenda amefanya hiki au kile, na sijui hilo litaisha lini, au kama nataka liishe. Ila naona kwamba nilikuwa namwekea nafasi mtu asiyerudi, na yule aliye hai nikamwambia aketi.

Mama mkwe amepita sasa hivi kuchukua blanketi lake. Ametazama juu ya kabati, ameona pako wazi, akasema, "Alikuja?" Nikamwambia, "Alikuja, Mama." Akaondoka na blanketi lake begani.

Kesho nitapanda Meru ninunue letu, rangi ya samawati. Jumamosi tunarudi kuchuma, Tata ameagiza. Mwenda ameshaanza mazoezi kwenye kichaka cha maua cha mama yake, majani mawili na chipukizi, na kichaka kimebaki na upara upande mmoja. Jamani, nampenda mtu huyu.

Mama yangu amekufa, na mimi nina furaha. Leo yote mawili nimeyaandika.