Kioo cha Ndani

Jumatatu, 4 Novemba

Nimekagua gari kabla ya chai, kama kila siku. Oili ipo. Maji yapo. Tairi zote nimezipiga teke. Boksi ninalotandika chini ya injini lina matone mawili. Jana lilikuwa na moja. Silipendi hilo la pili.

Dalali wa Mwanza aliapa kwamba lilikuwa gari la padri. Kila mkweche unaouzwa Mwanza ulikuwa wa padri. Mapadri wenyewe sijui wanapanda nini! Lakini nimelinunua, basi. Ni mkonga, lile refu lenye mabenchi mawili nyuma yanayotazamana, linalovuta kwa tairi zote nne. Mvua ikishika, udongo mweusi wa Kimali haupitiki kwa gari jingine, na wakulima wanaonunua mbegu na dawa zangu za pamba wako huko.

Dereva ni Masanja, mume wa Limi. Limi ni mwanangu wa pekee, wanaishi nyumba ya uani kwangu. Sasa mkwe, kwetu Wasukuma, si mtu wa kuzoeana naye. Sili naye. Simtazami usoni, naye hanitazami. Nikiwa na neno namwambia Limi, Limi anampelekea. Kwa heshima ni vizuri. Kwa biashara ni balaa. Mtu anashinda na gari langu, na siwezi kumkazia macho nijue kama anasema kweli.

Tangu tulinunue anakwenda peke yake. Ijumaa nakwenda naye Kiloleli. Nitakaa nyuma. Nikigonga bodi mara moja asimame, nikigonga mara mbili aende. Limi ameshamwambia.

Jumamosi, 9 Novemba

Safari ya jana nzuri. Mbegu zimeisha. Joto lilinichosha, nikalegeza kitenge, nikajilaza benchini nikalala mpaka Kiloleli. Mdomo wazi, bila shaka. Kurudi pia nililala.

Leo asubuhi nimekagua. Kioo cha ndani hakipo! Kile cha juu mbele ya dereva, cha kutazamia nyuma. Kimebaki kishikizo tu. Hakijavunjika. Skrubu zimefunguliwa taratibu, kwa bisibisi.

Nimemtuma Limi akaulize. Amerudi na jibu: "Mama, anasema kipo salama, usiwe na wasiwasi."

Salama kwa nani? Nimeuliza tena. Limi amekwenda, amerudi, anasema mumewe ameinama tu, hataki kusema. Mtu asiye na neno huwa hainami.

Jumanne, 12 Novemba

Nimelipeleka gari gereji kwa fundi Rama, mtu wa Tabora, mtani wangu. Nilitaka aangalie kwa nini dizeli inaisha upesi. Amelala chini ya gari kidogo tu, akaniita. Chesisi imechomelewa! Upande wa kushoto. Wamepaka rangi nyeusi juu, wamenyunyizia na vumbi ili ionekane ya zamani. Gari la padri!

Nimempigia dalali. Hapatikani. Kesho pia hatapatikana, namjua.

Roho imeniuma, lakini si uongo, nimefurahi kidogo. Nilisema. Pua yangu haijawahi kunidanganya. Miaka yote hii sokoni nimeona watu wakilowesha pamba ili iwe nzito mizanini, wakichanganya mchanga na choroko. Najua binadamu.

Kuhusu dizeli Rama anasema nozo zimechoka, zinamwaga. Labda. Fundi na dereva lao moja.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimechukua rangi ya kucha ya Limi, ile nyekundu. Nimetia nukta kwenye betri, jeki, stata, spea tairi na kila kinachofunguka. Mtu akibadilisha nitajua. Rama ameona, amecheka mpaka akakaa chini. "Mama Limi, unamwoza huyu? Mbona umempaka rangi kama bibi harusi!" Nimemwambia anyamaze, mla maembe huyo wa Tabora. Amecheka zaidi.

Limi hajacheka. Ameitazama chupa ya rangi, akaniuliza namtafuta nani.

Jumamosi, 16 Novemba

Sasa nimejua.

Mama Sabina, tunapakana vibanda sokoni, kaniambia mwenyewe bila kuulizwa. Jana alimwona Masanja kwenye duka la vipuri karibu na stendi. Alikuwa na kioo cha gari mkononi. Alimpa mwenye duka juu ya kaunta, wakakigeuza geuza, wakapatana.

Kioo! Kumbe ndiyo "salama" yake. Leo kioo, kesho betri, mwisho nitabaki na usukani. Na huyu ndiye baba wa wajukuu wangu watakaokuja.

Nina hasira. Naandika kalamu inatoboa karatasi.

Jumapili, 17 Novemba

Baada ya ibada nimemwambia Limi amnyang'anye mumewe ufunguo. Nimesema lile neno. Mwizi. Nimelisema kwa sauti, na uani kunasikika.

Limi ameleta ufunguo. Amesimama wima, akautupa mezani. Mwanangu hajawahi kunipa kitu bila kupiga magoti, hata kijiko. Akasema, "Mayu, mama yangu, kama yeye ni mwizi, mimi ni mke wa mwizi. Mke wa mwizi hakai kwako."

Jioni wameondoka kwa pikipiki, yeye na mumewe na begi moja. Wamekwenda kwao Masanja, Kimali. Nilidhani atageuka pale getini. Hakugeuka.

Potelea mbali.

Jumatatu, 18 Novemba

Si kweli. Haijapotelea mbali. Nimepika ugali wa watu watatu.

Alhamisi, 21 Novemba

Dereva mpya, wa kukodi, nimempata stendi. Anaongea kama redio. Si mkwe, si ndugu, kwa hiyo nimekaa mbele kama bosi. Tumekwenda mnadani.

Njiani ananung'unika: "Mama, gari bila kioo cha ndani unaendeshaje?" Nikamwambia kimeibwa. Akafungua dashibodi kutafuta kitambaa cha kufutia vumbi. Akatoa kitambaa. Ndani ya kitambaa, kioo.

Chetu. Umbo lilelile, ufa mdogo kwenye pembe. Skrubu zake zimefungwa kwenye kipande cha mfuko, fundo zuri, zisipotee. Mimi nimekagua kila kitu cha gari hili isipokuwa hapo. Hapo anaweka leseni na vitu vyake, ni mahali pa mkwe, nikaona vibaya kupachokonoa. Heshima ya ajabu. Kumpekua naona aibu, kumwita mwizi sioni.

Hata hivyo sikuelewa bado. Dereva akakifunga. Wakati wa kurudi mbele palijaa magunia, nikahamia nyuma, benchini kwangu. Nikajilaza. Nikalegeza kitenge. Nikainua macho.

Nikakutana na macho ya dereva, ndani ya kioo. Yananitazama. Ananiona yote, uso, kifua, miguu nilivyoinyoosha. Nikakaa upesi, nikajifunika.

Mungu wangu. Masanja.

Ijumaa, 22 Novemba

Sikulala vizuri. Nimefikiria safari ya Kiloleli. Kijana wa watu anaendesha, akiinua macho tu anamwona mama mkwe wake amelala kitenge wazi, mdomo wazi. Hawezi kuniamsha. Hawezi kuniambia nijifunike. Hawezi hata kumwambia mke wake, "Mama yako nimemwona hivi." Angeanzaje? Basi akafanya alichoweza. Alikitoa.

Nami nikasema anainama kwa sababu ni mwizi.

Nimekwenda duka la vipuri. Nilijifanya nauliza bei. Mwenye duka akanitambua. "Mama Limi, vioo vya mkweo vimefika." Akatoa viwili, vya pembeni, vikubwa kama vya lori. Masanja alimpelekea kile kidogo cha zamani kama sampuli, akaondoka nacho. Alitaka vikubwa, alisema ndani hatumii kioo, anataka aone barabara vizuri. Ameshavilipia. Hela yake mwenyewe.

Nimevibeba mpaka nyumbani nikiwa nimevikumbatia. Watu walinisalimia, sijui niliitikia nini.

Rama amevifunga. Amebadilisha na nozo. Zilikuwa zimechoka kweli, nimeona kwa macho yangu. Na yeye, mtani mzima, hakunitania hata kidogo. Hapo ndipo nilipojua uso wangu umekuwaje.

Jumapili, 24 Novemba

Naogopa. Limi hapokei simu. Mkwe akitukanwa mwizi na mama wa mke, wazee wa kwao wana haki ya kusema tosha, chukua mtoto wako. Na mimi siwezi kumfuata Masanja nikamwambia nisamehe, uso kwa uso. Njia yangu ya kumfikia ni Limi, na njia hiyo nimeiziba mwenyewe.

Nimeingia ndani ya gari na bisibisi. Skrubu zilikuwa ngumu, kidole kimechubuka. Kioo nimekitoa. Nimekifunga kwenye kitambaa kilekile. Fundo langu si zuri kama lake.

Kesho nakwenda Kimali.

Jumanne, 26 Novemba

Mvua. Jana barabara ya Kimali ilikuwa tope tupu, lakini gari la padri limepita, dereva wa kukodi akiendesha.

Walinipa kigoda nyuma ya jiko, mahali pa mama mkwe. Mama yake Masanja aliniletea maji, hakukaa. Limi akaja, akasimama mbali. Nilimpa kitambaa. Akakifungua, akakiona kioo, akatazama kidole changu. Nikampa na ufunguo. Mimi nilipiga magoti. Kwenye tope. Akalia, akaniinua kwa nguvu, ananigombeza: "Mayu, acha, watu wanaona!" Waone.

Alipeleka ufunguo mbele ya nyumba. Walikaa sana huko. Nilisikia sauti za wazee. Halafu nikasikia injini.

Dereva wa kukodi alibaki, mdogo wake Masanja angempeleka barabarani kwa pikipiki. Limi alikaa mbele na mumewe. Mimi nyuma, benchini, peke yangu. Mbele yetu kioo kikubwa cha gari kimelowa, na juu pale kishikizo kitupu.

Tulipofika penye mbuga pana, nikagonga mara moja.

Akasimama. Injini inanguruma. Hakuna aliyegeuka. Sikuwa na haja ya kushuka. Nilitazama shingo yake, amevaa shati lile la safari ya Kiloleli. Alikuwa hawezi kuniona, na kwa hiyo niliweza.

Nikasema, "Masanja, baba. Nimekukosea."

Mvua ikapiga bati. Akakohoa kidogo. Mkono wake ukashuka kwenye gia, ukangoja hapo.

Nikagonga mara mbili.