Mchezaji Mwenye Koti la Bluu

Dada Rukia, shikamoo. Hapa Birmingham kuna manyunyu na baridi kali.

Jana mimi na wenzangu wa televisheni tulirekodi fainali ya besiboli ya ligi ya vijana wanaoteuliwa kwa majaribio. Viti vilikuwa vitupu, nikawaomba watoto wa ligi ya mtaani, inayopokea yeyote, waje kushangilia. Nikawaambia wafunike sare zao kwa makoti, waonekane mashabiki tu.

Binti mmoja akaniuliza, “Anko, sisi utaturekodi saa ngapi? Nyanya yangu kule Garissa keshaita majirani waje kunitazama.”

“Baadaye,” nikamjibu, nami najua vyombo vya kurekodia vinapakiwa garini.

Naona haya. Ukiiona taarifa yangu, mtafute binti huyo safu ya pili, mwenye koti la bluu. Ni mchezaji, si shabiki.

Nibusie watoto.

Nduguyo, Salim