Jina la Pili la Wagimin

Solo, Ijumaa

Mdogo wangu Lestari,

Paka wako amenenepa kunishinda. Ile programu ya kutafutia vitabu maktabani nimeiandika upya kwa lugha mpya ya kompyuta, nikajisifu mno. Jana yule mjane, Bu Ngatinah, akaleta wajukuu wake waone kitabu cha marehemu mumewe, Wagimin. Kompyuta ikakikana: mwandishi sharti awe na majina mawili, naye alikuwa na moja tu.

“We Paridjo, wewe unayo mangapi?” Bu akaniuliza.

“Moja tu, Bu.”

“Ehee!”

Wajukuu walishaanza kunung'unika kwamba babu hakuandika chochote.

“Mpe langu,” akasema bibi. “Mbona vyangu vyote alivitumia bila kuomba!”

Nikamsajili: Wagimin Ngatinah. Kitabu kikatokea. Bibi akaigusa skrini.

Programu nimeshairekebisha. Jina hilo sijalifuta.

Kaka yako mwenye jina moja tu,
Paridjo