Nafasi Tatu, Wakongwe Wanne

Jumatatu, 24 Julai

Kikao cha kahawa leo kimewaka moto! Nimefika duka la ushirika saa kumi na mbili na robo asubuhi, Metro ameshaanza kubishana, na hata mtu wa kubishana naye hajafika. Metro ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu Bohdan. Mkulima aliyestaafu shamba ila mdomo bado uko kazini.

Hoja ni ileile. Nyegere, timu yetu ya hoki ya barafu, wana wachezaji wanne wanaofikisha miaka ishirini msimu huu, na ligi ni ya vijana: kila timu inaruhusiwa watatu tu wa umri huo. Tunawaita wakongwe. Miaka ishirini, mkongwe! Mimi mwenye sitini na tatu sijui niitweje. Basi mmoja lazima aondoke. Majina yanatakiwa na ligi tarehe 8 Agosti, saa kumi na moja jioni, dakika moja zaidi hawapokei.

Metro anataka aondoke beki mrefu, Dawson. Anasema kugeuka tu kwenye barafu kunamchukua nusu saa. Delphine wa posta hataki kusikia: Dawson ndiye pekee anayesema asante akija kuchukua vifurushi. Metro akauliza kama tunachagua timu au tunachagua mkwe.

Mimi nikasema kipa, naye ni mmoja wa hao wanne, haguswi. Meza nzima wakacheka. Wana haki — kipa, Tavish Lund, analala chumba cha chini nyumbani kwangu, msimu wa tatu huu unakuja. Ndivyo tulivyo hapa Harrow Creek: vijana wanatoka mbali, tunagawana majumbani, tunawalisha na kuwafulia, halafu Ijumaa tunakwenda uwanjani kuwazomea. Metro akasema ushahidi wa mama mlezi haupokelewi.

Miaka thelathini na nne bila kombe. Mwaka huu nalisikia harufu.

Alhamisi, 27 Julai

STROUD!

Delphine kanipigia saa moja asubuhi, anahema. Keegan Stroud, mshambuliaji wa Mwewe wa Brandvold — mabao hamsini na moja msimu uliopita — anauzwa! Redio ya kule Alberta imesema. Kagombana na kocha wake. Nilikuwa nachambua matunda ya saskatoon kwa ajili ya pai, bakuli likanitoka mkononi. Mpaka sasa nayaokota chini ya friza.

Nikaenda kahawani bila kuchana nywele. Metro amechukua karatasi ya kufutia mikono, amepanga kikosi kizima, Stroud pembeni kushoto. Akaipanga tena, Stroud kulia. Na jambo tamu kuliko yote: Stroud ana miaka kumi na tisa! Hahesabiwi mkongwe. Tukimpata kwa kumtoa mkongwe mmoja, tumeua ndege wawili kwa jiwe moja. Tumekaa mpaka saa nne. Kanola, zao letu la mafuta, inachanua, Metro ana mtoto wake shambani anayemsubiri alete trekta, wala hakukumbuka.

Jumamosi, 29 Julai

Swali la leo: Mwewe watataka nini?

Kila mtu alikuwa na jibu lake. Delphine akasema watataka Dawson, akawa karibu kulia. Metro akaweka kikombe chini. Metro kuacha kahawa si dalili njema. Kisha akasema, taratibu, kwamba Brandvold hawana kipa. Kipa wao kaenda kucheza Ulaya. Wanatafuta kipa mkubwa, mwenye uzoefu.

Wote wakanitazama. Nikasema nini, mnanitazama nini, mimi ndiye meneja? Metro akasema, "Shemeji, tuongee kama mashabiki. Rylan je?"

Rylan Cardinal ni kipa wetu wa pili. Miaka kumi na minane. Mwezi wa tatu Tavish alipougua, kijana yule alikaa golini mechi saba na hakutikisika. Nikasema Rylan bado mtoto. Nikaondoka na kahawa nusu.

Hapa peke yangu naweza kusema. Nina madaftari yangu, tangu enzi za kuendesha basi la shule — kila shuti, kila bao, kwa kalamu ya risasi. Jioni nimekaa nikahesabu. Nikahesabu mara ya pili nikidhani nimekosea. Rylan ni bora kuliko Tavish. Si sana. Lakini ni bora, na atazidi kuwa bora.

Sitamwonyesha Metro.

Jumanne, 1 Agosti

Wes kanipigia! Wes Halvorson, meneja wetu, mwenyewe. Nikaweka simu mezani, nikabonyeza spika.

Akaanza kuuliza habari ya nyanya zangu. Nikamwambia Wes, sema. Akasema Mwewe wamekubali. Stroud kwa Tavish, mmoja kwa mmoja.

"Wewe unamjua kuliko mimi," akasema. "Nikimpeleka Brandvold, atavunjika moyo?"

Ningeweza kusema ndiyo. Neno moja tu. Wes ni mtu wa huruma, angerudi nyuma, naamini hivyo.

"Ataumia," nikasema. "Hatavunjika."

"Na Rylan anaweza?"

"Anaweza. Mchukue Stroud, Wes."

Akashukuru. Akanikumbusha utaratibu: mama mlezi huambiwa kwanza ili afungashe vitu vya kijana, na hafungui mdomo mpaka meneja azungumze na kijana mwenyewe. Naujua. Nimefungasha vyumba vitatu vya vijana kabla ya huyu.

Nilipokata simu nilicheza jikoni. Nasema kweli, mtu mzima mimi, nikazunguka na taulo la vyombo mkononi. Mabao hamsini na moja! Kisha nikashuka chini, nikakaa kitandani kwa Tavish. Pana harufu ya ule utepe wa kufungia fimbo zake za hoki. Nikakaa sana.

Jumatano, 2 Agosti

Tavish kapiga simu kutoka kwao milimani. Leo! Siku zote anapiga Jumapili. Ana furaha. Kaongeza kilo nne, zote misuli, eti. Anasema uzio wangu nisiuguse, atakuja kuupaka rangi yeye. Ananiletea boksi la cheri.

Nikasema vizuri. Nikasema vizuri mara tano au sita. Akauliza kama naumwa. Nikamwambia ni joto.

Soksi zake thelathini na moja. Hakuna jozi. Nimezifungasha.

Ijumaa, 4 Agosti

Imetangazwa! Saa tano kamili. Mji umechanganyikiwa! Magari yanapiga honi barabara kuu. Metro kanipigia mara tatu, mara ya pili alikuwa anaimba. Delphine kamkumbatia mkaguzi kutoka makao makuu ya posta, mtu hata hamjui. Wameshaanza kupanga safari ya fainali, na barafu yenyewe haijamwagwa uwanjani.

Na mimi? Mimi pia! Siwezi kujidanganya humu. Nilipolisikia jina lake likisomwa redioni — Stroud, Nyegere — nilipiga kelele mpaka mbwa wa jirani akajibu. Wes kauliza kama Stroud anaweza kukaa kwangu. Chumba si kipo. Nikasema atakula nini, ana mzio wa kitu chochote?

Kahawani wananipongeza kana kwamba mabao nitafunga mimi. Ila Metro alinifuata mpaka kwenye gari, akasimama, akakunja kofia yake. Akasema pole, shemeji. Akasema miaka yote hii tunawauza watoto wa watu mezani pale tukila keki, hajawahi kufikiria. Mkuki kwa nguruwe. Sikumwambia Metro kile Wes alichoniuliza, wala nilichojibu.

Saa nane meseji ya Tavish: Nakuja Jumanne kuchukua vitu. Usipakie tafadhali. Nataka kupakia mwenyewe.

Nimefungua maboksi yote. Nimerudisha soksi kwenye droo, nimezivuruga zikae alivyoziacha. Picha nimezirudisha ukutani, moja imekaa upande. Sikumbuki kama ilikuwa upande tangu mwanzo.

Jumapili, 6 Agosti

Nimekanda pyrohy, yale maandazi madogo ya kuchemsha yenye viazi ndani, mia na ishirini. Tavish hula ishirini kwa mkao mmoja.

Wes anasema Stroud hapokei simu tangu jana. Vijana, anasema, labda yuko ziwani. Masharti ni kwamba asaini kabla ya majina kupelekwa ligi, la sivyo biashara inavunjika na kila mchezaji anarudi alikotoka. Lakini atasaini. Nani akatae kuja kwetu?

Metro kabadilisha kikosi tena. Stroud kati.

Jumanne, 8 Agosti

Saa nne asubuhi. Chuo kikuu! Delphine kasikia kwamba Stroud ameonekana kwenye chuo kimoja cha Marekani, anaoneshwa uwanja wao. Metro anasema ni uzushi wa watu wa Brandvold. Wes hapatikani.

*

Saa kumi na dakika ishirini na tano. Naandika upesi.

Tavish alifika saa sita. Amekuwa mpana kweli! Akaweka boksi la cheri mezani, akanikumbatia mpaka miguu ikaacha sakafu. Akala pyrohy ishirini na tatu. Tukaongea habari za mama yake, moshi wa moto wa misitu, lori lake linalokula mafuta. Neno la hoki hakuna. Kisha akashuka chini kupakia, mimi nikabaki nikiosha sahani moja kwa muda mrefu.

Alipopandisha boksi la mwisho akaegemea friza.

"Mama Orysia, nikuulize kitu. Ungekuwa wewe ndiye Wes, ungenitoa?"

Ningeweza kumwambia hapana. Mama yeyote angesema hapana, na naye angejua ni uongo, na tungeagana vizuri. Lakini kwa miaka miwili, kila baada ya mechi, kijana huyu amekaa kwenye meza hii akaniuliza bao lile lilikuwa kosa la nani, nami nikamwambia. Alinizoeza hivyo. Au mimi ndiye niliyemzoeza.

"Ningekutoa," nikasema. "Na Wes aliniuliza, Tavish. Nikamwambia amchukue Stroud."

Akatazama chini. Shingo ikawa nyekundu. Akachukua cheri, akaila, akashika mbegu kiganjani hajui pa kuiweka.

"Kwa sababu ya Rylan?"

"Kwa sababu ya Rylan. Na Stroud. Na kombe. Nalitaka mno, mwanangu, ndiyo hivyo."

Nikaona machozi yanamlenga, yangu yakatangulia. Kisha akasema afadhali kaambiwa na mimi kuliko kusoma kwenye intaneti. Akasema Brandvold walau atadaka kila siku, mkongwe asiyedaka ana faida gani. Akajaribu kucheka. Akasema anakwenda kujaza mafuta na kupima upepo wa magurudumu, akirudi tutaagana kama watu, na nisimfungie pyrohy chini ya arobaini.

Lori lilipokata kona tu, simu. Wes.

Sauti yake sikuitambua. Stroud kachagua chuo. Kasaini kule, kwisha. Biashara imevunjika. Tavish ni wa kwetu tena.

Nikashika meza. Sijui nilisikia nini moyoni, hasira au shukrani, vyote viwili vilikuja mlango mmoja. Nikasema basi anabaki! Nikasema nitampigia sasa hivi, arudishe maboksi chini.

Wes akasema subiri.

Wako wanne tena. Nafasi tatu. Timu nyingine zote zimeshajaza wakongwe wao, kapiga simu kila mahali, hakuna anayechukua mtu saa hizi. Atakayekatwa leo hana timu. Hana msimu. Kwa umri huo, pengine hana hoki tena. Wakongwe wengine wawili ni washambuliaji, hawezi kuwagusa sasa, na Stroud hayupo. Kwa hiyo ni beki au kipa. Dawson au Tavish.

"Wiki iliyopita ulinijibu kwa haki," akasema. "Sina mwingine wa kumuuliza ambaye hatanidanganya. Nipigie kabla ya saa kumi na dakika arobaini na tano."

Akakata.

*

Saa kumi na dakika thelathini na nne. Mabeki tunao watano bila Dawson, na wawili ni bora kuliko yeye. Hapana — watatu tu, wawili wana majeraha. Rylan yuko tayari. Nilisema mwenyewe yuko tayari. Nani kaniomba niwe mkweli kiasi hiki!

Lori limeingia uani.

Ameingia. Ana mikono ya mafuta, amenyoosha moja kwa moja kwenye sinki. Amenikuta naandika, anadhani ni orodha ya dukani, ameniambia niongeze sabuni. Ameona simu mezani mbele yangu. Ameuliza kama ni Wes, kuhusu Stroud.

Nimemwambia ni Wes.

"Mwambie Stroud hita ya chini inataka teke moja upande wa kushoto," amesema. "Vinginevyo Januari atakufa na baridi."

Saa kumi na dakika thelathini na tisa. Dakika sita zimebaki, na Wes bado sijampigia. Amevuta kiti, ameketi, anakula cheri. Nimemwambia asiende bado.